Maswali na Majibu: Nyenzo za Mtandaoni za Kusoma, Kuandika na Kuchambua Habari

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Dar es Salaam, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: katika wingi wa vitu vilivyomo mtandaoni, ni kipi kitamsaidia kijana asome vizuri, aandike vizuri, na asidanganywe na kile anachokisoma? Nimechagua saba. Majibu yangu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mwanangu yuko Darasa la Tatu na bado anasoma kwa kusitasita. Nyumbani tuna simu janja moja, na bando letu ni dogo. Nianzie wapi? (Mama, Mbagala)

Anzia African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto iliyoanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide, ambayo ina hadithi nyingi za Kiswahili zinazosomwa bila malipo. Hadithi hizo zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye maneno machache tu chini ya picha, kisha sentensi, kisha aya fupi, aya ndefu, hadi zile ambazo mtu mzima humsomea mtoto kwa sauti. Usimpe mwanao ngazi unayodhani inalifaa darasa lake. Mpe ile anayoweza kuisoma bila kukwama zaidi ya mara moja au mbili katika ukurasa, hata ikiwa ni ya chini kabisa, kwa sababu mtoto anayemaliza hadithi nzima kwa nguvu zake mwenyewe huomba nyingine, na yule anayekwama kila mstari huomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Kuhusu bando, programu yake ya simu hukuwezesha kupakua hadithi ukiwa na intaneti na kuzisoma baadaye bila intaneti. Pakueni hadithi kumi kwa mkupuo mmoja, kisha zimeni data kwa wiki nzima. Mkizimaliza, nendeni StoryWeaver, jukwaa lililofunguliwa mwaka 2015 na shirika la Pratham Books la India, ambalo nalo lina hadithi za Kiswahili.

Lakini hadithi ndani ya simu haimfundishi mtoto kusoma iwapo hakuna anayemsikiliza. Kaa naye dakika kumi na tano kila jioni, msome kwa zamu, ukurasa wako na ukurasa wake. Akikosea neno usimrukie. Mwache amalize sentensi, kisha rudini pamoja kwenye neno hilo na kuligawa katika silabi. Mkimaliza, zima simu, umwombe akusimulie hadithi kwa maneno yake, kisha aandike sentensi tatu katika daftari. Ikiwa bibi yenu ana kisa chake cha zamani, mtoto akiandike nacho, kwani African Storybook inamruhusu mtumiaji kutunga hadithi yake mwenyewe na kuiweka humo.

Najua utaniuliza kuhusu Ubongo Kids, katuni zinazotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam. Ni nzuri, nami ninazipenda, lakini kutazama si kusoma, na video hula bando. Azitazame kwenye televisheni. Simu muitunzie hadithi.

Nimeingia Kidato cha Kwanza na masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Naelewa nusu tu ya ninachosoma. Kuna tovuti ya kunisaidia? (Mwanafunzi, Tandika)

Hali yako ni ya wengi, na haina maana kwamba akili yako ni ndogo. Umebadilishiwa lugha ya kujifunzia ndani ya likizo moja. Ninakushauri njia ya ngazi tatu. Chukua mada moja unayofundishwa, tuseme malaria. Soma kwanza makala yake katika Wikipedia ya Kiswahili, ili wazo lenyewe likae kichwani kwa lugha unayoimudu. Kisha soma mada hiyo hiyo katika Wikipedia ya Kiingereza chepesi, inayopatikana kwa anwani simple.wikipedia.org, ambayo waandishi wake hujizuia kutumia maneno magumu na sentensi ndefu. Mwisho fungua kitabu chako cha kiada. Ukiwa umeshajua kwamba vimelea vya malaria huenezwa na mbu jike wa Anofelesi, neno la Kiingereza la vimelea likitokea utalitambua kwa nafasi yake katika sentensi, hata kabla ya kufungua kamusi. Liandike, pamoja na sentensi nzima uliyolikuta nalo, kwa kuwa neno lililoandikwa peke yake husahaulika upesi.

Kama huna kitabu chenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Kwa mazoezi ya lugha peke yake, kurasa za LearnEnglish za British Council zimepangwa kwa viwango. Anza kiwango cha chini, usione haya.

Insha zangu za Kiswahili hurudi na alama ndogo, na mwalimu huandika tu "hujajibu swali". Nifanye nini kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne? (Mwanafunzi, Temeke)

Nyenzo bora kuliko zote kwa tatizo lako ipo katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wengi huifungua tovuti hiyo siku ya matokeo tu. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo kila swali la mtihani uliopita huelezwa lilitaka nini, watahiniwa walilijibu vipi, waliofanya vibaya waliteleza wapi, na mara nyingi huwekwa nakala ya jibu zuri na ya jibu baya, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Taarifa ya somo la Kiswahili imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kizuizi cha lugha.

Usiisome kama gazeti. Chagua swali moja la insha, funika uchambuzi wake, weka saa, na uandike jibu lako kwa dakika arobaini bila kutazama popote. Kisha funua, soma uchambuzi, na uweke jibu lako kati ya yale mawili, zuri na baya, ukijiuliza kwa unyofu liko karibu na lipi. Katika miaka niliyosahihisha insha za wanafunzi wangu, nimeona kwamba anayeambiwa "hujajibu swali" kwa kawaida analijua somo vizuri. Tatizo lake ni kwamba anaandika yote anayoyajua kuhusu mada badala ya kile alichoulizwa. Akiambiwa afafanue athari za jambo fulani, yeye huanza na maana yake, aina zake na historia yake, na muda humwishia kabla hajazifikia athari. Pigia mstari neno linalotoa amri katika swali, yaani eleza, linganisha, jadili au thibitisha, kisha hakikisha kila aya inaitii amri hiyo.

Jambo dogo kuhusu simu: ukiandika humo, weka kibodi ya Kiswahili. Simu iliyowekwa kwa Kiingereza hubadilisha maneno yako bila kukuuliza, na jicho likizoea makosa hayo, mkono nao utayarudia kwenye karatasi. Kwa insha za Kiingereza, maabara ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, inayojulikana kama Purdue OWL, inaeleza vizuri namna ya kujenga aya na kutaja vyanzo.

Ninasoma cheti cha uandishi wa habari. Je, ni kosa kutumia akili mnemba kuandika kazi zangu? (Mwanachuo, Sinza)

Angalia kwanza kanuni za chuo chako, kwa kuwa ndizo zitakazokuhukumu. Maoni yangu ni haya: ukiipa ChatGPT kazi nzima ikuandikie, umelipa ada ili programu ndiyo ijifunze badala yako. Andika rasimu yako kwanza, kwa kalamu ikiwezekana, kisha iulize programu ni wapi hoja yako ni dhaifu au ni swali gani msomaji angebaki nalo. Hapo inakuwa mwenzako wa kubishana naye, na kubishana kunanoa.

Jihadhari na mambo mawili. Programu hizi hutunga vyanzo: huweza kukupa jina la kitabu, mwandishi na hata namba ya ukurasa ambavyo havipo duniani, na kwa lugha ya kujiamini kabisa. Usitaje chanzo chochote ambacho hujakifungua kwa macho yako. La pili linahusu kazi unayoiendea. Usiingize humo majina, namba za simu au maelezo ya watu uliowahoji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, na hata isingekuwepo, mtu aliyekuamini kwa kukueleza habari zake hakukupa ruhusa ya kuzipeleka kwa kampuni asiyoijua.

Katika kundi letu la WhatsApp walimu tunatumiana nakala za vitabu vya fasihi zilizopigwa picha. Kuna ubaya? (Mwalimu, Kinondoni)

Upo. Kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwandishi wa Kitanzania, ambaye mara nyingi anaishi kwa shida, hukosa hata kile kidogo anachostahili. Tumianeni viungo vya kazi zenye leseni huria, kama hadithi za majukwaa niliyoyataja, na vitabu vya fasihi mnunue nakala chache za shule na kuziazimisha kwa zamu.

Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Nitatumiaje nyenzo hizi darasani? (Mwalimu, Kigamboni)

Simu zao hazihitajiki. Walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022; kimoja kikiwa kimejazwa hadithi na makala nyumbani kinatosha kundi la wanafunzi watano wakisoma kwa zamu. Shule ikiwa na kompyuta moja nzima, ombeni fundi awawekee Kolibri, programu huria ya shirika la Learning Equality, ambayo huhifadhi masomo ndani ya kompyuta hiyo na kuyagawa kwa vifaa vingine vilivyo karibu bila intaneti.

Tumeanzisha klabu ya habari shuleni na tunataka wanafunzi wajifunze kutambua habari za uongo. Tuanze na mazoezi gani? (Mwalimu, Ilala)

Anzeni na picha, na iwe ya jiji lenu. Chukueni picha ya Jangwani iliyofunikwa na maji ya Mto Msimbazi, ya aina ile ambayo husambaa mvua inaponyesha, yenye maelezo kwamba imepigwa "leo asubuhi". Kabla ya kugusa kifaa chochote, waulizeni wanafunzi picha yenyewe inasema nini. Je, njia za mwendokasi zinaonekana katika Barabara ya Morogoro? Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016, kwa hiyo barabara isiyo na njia zake ni ya kabla ya hapo. Je, ni mwezi gani? Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba; mafuriko makubwa yanayotangazwa mwezi Agosti yanadai maelezo ya ziada. Baada ya macho kumaliza kazi yake, ipitisheni picha hiyo katika Google Lens au TinEye, mitambo inayoonyesha mahali ambapo picha imewahi kutokea mtandaoni. Ikikutwa katika ukurasa wa miaka mingi iliyopita, jambo limekwisha.

Wiki inayofuata fanyeni ujumbe wa WhatsApp. Wenye alama ya mishale miwili umepitishwa mkono kwa mkono angalau mara tano kabla ya kukufikia. Alama hiyo haithibitishi kwamba ni uongo, lakini inaeleza kwamba aliyekutumia si shahidi. Kwa matangazo ya ajira na mikopo, wafundisheni kutazama mwisho wa anwani: tovuti za Serikali huishia na go.tz, na anwani inayofanana nayo bila kuwa hivyo isipewe namba ya kitambulisho cha mtu yeyote. Kisha wasome namna wataalamu wanavyofanya kazi hii, kwa kupitia uchambuzi wa Nukta Fakti wa hapa kwetu na wa PesaCheck, ambao hueleza hatua kwa hatua walivyofikia hitimisho. Wajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo.

Uchambuzi wa habari hauishii kwenye uongo. Chagueni tukio moja na mlinganishe kurasa za mbele za HabariLeo, ambalo ni la kampuni ya Serikali, Mwananchi, la kampuni binafsi, na Uhuru, la Chama Cha Mapinduzi. Nani amenukuliwa kwanza? Picha ya nani imetumika? Ni jambo gani limewekwa aya ya mwisho? Waandike aya moja ya kila gazeti, bila kusema lipi ni zuri.

Kila anayekamilisha zoezi aandike matokeo yake kwenye kadi na kuibandika ubaoni, akitaja alichokiangalia na siku aliyokiangalia. Mwanafunzi aliyepita njia zote na bado akaandika "hatujaweza kuthibitisha" apewe alama kamili.