Kwa wewe unayeanza udaktari wa tiba pamoja na uzamivu (PhD)

Siku niliyorudi wodini baada ya miaka minne ya maabara, niliambiwa nimsikilize mgonjwa kifua. Nikavaa stetoskopu kinyume. Vile vipande vya masikioni hutakiwa kuelekea mbele, upande wa pua. Mimi nilivielekeza nyuma, nikainama pale nisisikie chochote, huku nikitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alinigusa bega, akaivua, akaigeuza, akanirudishia bila kusema neno. Wanafunzi niliokuwa nao kwenye raundi niliwazidi miaka mitano. Wale tulioanza pamoja mwaka wa kwanza walikuwa wamekwisha kuingia kwenye ubingwa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akinisimamia.

Naanza na kisa hicho kwa sababu mimi mwenyewe sikuonywa. Ukienda kuomba nafasi utaelezwa kwamba ada inalipwa, posho ipo, na mwisho utakuwa daktari mara mbili. (Kwa Kiswahili chetu hilo la mwisho halisaidii sana: ndugu zako watakuita daktari tangu wiki ya kwanza, kisha watashangaa kwa nini miaka saba baadaye bado unasoma.) Lakini ugumu wenyewe uko kwenye vivuko viwili, cha kuingia maabara na cha kurudi wodini. Watu wengi niliowaona wakivunjika moyo walivunjikia hapo.

Mpangilio unatofautiana. Marekani, ambako mfumo huu una umri mkubwa, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kilianza kuunganisha shahada hizi mwaka 1956, na mwaka 1964 Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zikaanza kugharimia programu za namna hiyo. Kwa kawaida huko ni miaka miwili ya masomo ya awali ya tiba, mitatu mpaka mitano ya utafiti, kisha unarudi kumaliza wodi. Jumla kama miaka minane, na mafunzo ya ubingwa bado hayajaanza. Kwingine watu humaliza tiba kwanza, wakafanya kazi, ndipo wakaingia uzamivu. Sioni aibu yoyote katika njia hiyo ya pili. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985, walikuwa na shahada ya tiba tu. Utafiti walijifunzia kazini. Walianza na wagonjwa wenye lehemu (kolesteroli) ya kupindukia ya kurithi, wakiwemo watoto wadogo waliokuwa na ugonjwa wa moyo, wakachukua seli za ngozi za wagonjwa na za watu wasio na ugonjwa huo, wakalinganisha. Seli za wagonjwa wale hazikuwa na kipokezi kinachofanya kazi cha kuiondoa lehemu kwenye damu. Kwa hiyo kama unachotaka ni kufanya utafiti mara mojamoja huku ukitibu, huhitaji uzamivu. Uchukue ukiwa unataka utafiti uwe ndiyo kazi yako kubwa.

Sasa msimamizi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojikwaa.

Mara nyingi utapewa nafasi ya kupita maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja, kabla ya kuchagua. Mimi nilichagua jina. Mzee alikuwa maarufu, maabara yake ilijaa watu, na kumwona ilikuwa dakika ishirini kwa mwezi, mara nyingine akiwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Kwa miezi kumi na moja nilifuatilia protini moja kwa kingamwili tuliyoinunua, yaani molekuli inayotakiwa kushika protini hiyo peke yake. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Siku moja mtafiti mwenzangu aliyekuwa amefika karibuni akaniuliza kama nimewahi kuijaribu kwenye seli zilizoondolewa jeni ya protini ile, ambazo haziwezi kuitengeneza. Sikuwa nimewahi. Nikaziomba maabara ya jirani, nikaendesha jeli, nikahamishia kwenye utando, nikaweka kingamwili, nikasubiri. Kama ilikuwa inashika protini yangu, mstari mweusi unaoonyesha protini kwenye utando ungepotea kwa seli zile. Haukupotea. Ulikuwa palepale, mweusi vilevile, maana yake kingamwili ilikuwa inashika protini nyingine kabisa. Jaribio hilo lilichukua siku tatu, na lingeweza kufanywa wiki ya kwanza.

Leo simlaumu mzee, ingawa usiku ule nilimlaumu. Msimamizi anayekaa nawe juu ya data mbichi kila wiki angeuliza swali lile mapema. Basi ukipita maabara, usivutwe na uzuri wa mada peke yake. Uliza waliomaliza walikaa miaka mingapi na sasa wako wapi. Watafute na walioondoka kabla ya kumaliza. Hao ndio watakaokwambia ukweli. Uliza pia kama msimamizi amewahi kulea mwanafunzi wa tiba, kwa sababu asiyewajua ataona tarehe yako ya kurudi wodini kuwa ni kitu cha kusogezwasogezwa. Na mada yako si lazima ifanane na ubingwa unaouota. Unakwenda kujifunza kuuliza swali na kulijaribu bila kujidanganya, na hilo utalibeba popote. Ila ukichagua ubingwa baadaye, fikiria muda: ruzuku za mwanzo za NIH kwa madaktari watafiti kwa kawaida hudai asilimia 75 ya muda wa kazi iende kwenye utafiti. Fani za upasuaji, ambazo mkono husahau usipotumika, zinabanwa zaidi na hesabu hiyo, ingawa wapo wanaoziweza.

Ukiwa maabara, usiiache kliniki kabisa. Nusu siku kila wiki mbili inatosha, ukiwa na daktari anayekubali ushike mgonjwa, siyo usimame ukutani. Miezi mitatu kabla ya kurudi iongeze iwe kila wiki: chukua historia, pima, eleza kesi kwa sauti mbele ya mtu. Kusoma kitabu hakutoshi, maana kinachopotea kwanza ni mikono na mpangilio wa maneno.

Tena usikubali kurudi wodini na tasnifu ambayo "imebaki kidogo tu". Hicho kidogo hakiishi. Makala yangu kubwa ilirudi kutoka kwa wahakiki wa jarida nikiwa wiki ya pili ya mafunzo kwenye wodi ya upasuaji. Niliandika majibu yao saa tisa usiku kwenye chumba cha zamu, sare bado mwilini, na jaribio moja walilolidai sikuwa na namna ya kulifanya. Alilifanya yule mwenzangu wa kingamwili, kwa daftari langu, ambalo kwa bahati nilikuwa nimeliandika kwa mwandiko unaosomeka. Jina lake liko la pili kwenye makala. Kabla hujaondoka maabara, keti na msimamizi mkubaliane kwa maandishi nani atakayeshika pipeti yako wahakiki watakaporudi, kisha mwoneshe mtu huyo sampuli zako ziko rafu gani kwenye friji.