Meza ya mtiki ya Denmark: chungulia chini kwanza

Huku Denmark, meza za kulia za miaka ya 1950 na 1960 bado zipo tele kwenye maduka ya mitumba, na wenzetu wanaohamia hunipigia simu niwasindikize. Muuzaji atakuanzia na majina ya wabunifu wa samani: Wegner, Mogensen, Vodder. Mwache aongee. Wewe piga magoti uchungulie chini.

Nyingi ni za mtindo unaoitwa wa Kiholanzi: vibao viwili vya kurefushia vimelala chini ya uso wa meza, kimoja kila upande. Ukivuta kibao, uso unainuka kidogo. Kikifika mwisho, unashuka na kulingana nacho. Vuta vyote viwili mwenyewe, tena mpaka mwisho. Kikikwama usiogope, kwani reli ni za mbao na mara nyingi kuzipaka nta ya mshumaa kunatosha. Cha kuogopa ni ngazi, yaani kibao na uso visipolingana. Pitisha kiganja kwenye maungio: kikigonga ukingo, ujue mbao imepinda au reli imelika, na mafundi wa huku hutoza kwa saa.

Halafu rangi. Mtiki huu ni jamii ileile inayopandwa Longuza, Muheza, Tanzania, ila wa meza hizi uliagizwa Asia, hasa Thailand na Burma. Mwanga huubadilisha, kwa hiyo vibao vilivyokaa gizani miongo yote hiyo havitafanana na uso. Mimi siihesabu kuwa kasoro. Iache meza imefunguliwa karibu na dirisha miezi kadhaa, tofauti itapungua. Muuzaji akisema “utapiga msasa kidogo tu”, kataa: juu ni vinia, yaani utando mwembamba wa mtiki uliogundishwa juu ya mbao nyingine, na mara nyingi haifiki hata milimita 1. Kagua hasa pembeni. Ukiona doa la mbao ya rangi nyingine linachungulia, kuna aliyekutangulia na msasa.

Mtiki unataka mafuta kidogo. Meza ikiwa ya mwaloni (oak), wenyeji huusugua kwa maji ya sabuni nyeupe ya vipande, na unapendeza kweli.

Kama unapanga kuisafirisha Dar au Mombasa, kaa mbali na ile ya rosewood ya Brazil, hata ikikuvutia vipi. Tangu 1992 mti huo umo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na bila vibali hauvuki mpaka.

Kabla ya kulipa, vuta kiti ukae. Vibao vile hula nafasi ya magoti, na kiti chenye mikono huenda kisiingie kabisa. Ukiweza, nenda na mtu mrefu.