EEE imewashwa kwenye swichi lakini mita haishuki

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umewasha EEE (Energy-Efficient Ethernet, uwezo wa kuilaza poti isiyopitisha data ili kuokoa umeme) kwenye poti zote 48 za swichi ya mtandao, ila mita ya umeme inasoma vilevile usiku na mchana.

Anza na upande wa pili wa kebo. EEE (kiwango cha 802.3az, cha mwaka 2010) hufanya kazi pale tu vifaa vyote viwili vinapokubaliana, kadi ya seva ikikataa, poti hailali. Kama seva ni ya Linux, andika ethtool --show-eee eth0 (eth0 ni jina la kadi ya mtandao). "Enabled" peke yake haitoshi, tafuta "active". Mimi nilihangaika siku mbili kabla ya kuliona neno "inactive" pembeni yake.

Hata ikikubali, usitegemee makubwa: feni, pawasaplai na chipu kuu hula umeme poti zote zikiwa zimelala. Kilichonisaidia kweli ni kuzima poti zisizotumika na kung'oa moduli za 10G za shaba (vipande vya kuchomeka kwenye poti, vya kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde). Iguse moja kwa kidole, utasikia joto lake. Hula karibu wati 2.5 kila moja, wakati ya nyuzi za mwanga ya masafa mafupi kwa kawaida haizidi wati 1. Vifaa vilivyo rafu moja viunganishe kwa kebo ya DAC (kebo fupi ya shaba iliyokuja na vichwa vyake, isiyohitaji moduli hizo).