Umri alioanza nao mjomba wako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza swali moja fupi, mjomba Salim alianza kuumwa na umri gani, na najua kwa nini umeuliza. Mwanao Idi ametimiza miaka 14, anajifungia chumbani, hesabu zimeporomoka, na alfajiri moja umemkuta anaongea peke yake. Basi mjomba wako alianza na miaka 16, yuko kidato cha pili, mwaka 1980. Lakini umri mtupu haukusaidii kitu. Ungeniuliza kwa nini Salim amekuwa vile, na shangazi yako Mwanaidi, mwenye skizofrenia ile ile, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini visivyokuwepo, leo ndiye anayepakua pilau kwenye kila harusi ya mtaa.

Ubishi wa nyumba hii unaujua. Marehemu baba yako alikuwa akisema ugonjwa umetoka kwetu, nami nanyamaza. Mwaka 1999 dada yake naye akaanza kusikia majirani wanamsengenya ndani ya ukuta, ana miaka 45. Baba yako hakulirudia tena neno lile, na mimi sikumkumbusha. Haya, mara moja nilimkumbusha.

Sasa mwangalie Mwanaidi. Alipougua alikuwa keshalea watoto, ana cherehani yake barazani na wateja wa sare za shule. Wanaume wengi huanza kati ya miaka 18 na 25 hivi. Wanawake huchelewa kidogo, na wapo wanaopatwa baada ya miaka 40, kama yeye. Na wake ulikuja na kelele: matusi ya usiku wa manane, mawe juu ya bati la jirani. Ndani ya wiki chache ukoo mzima ulijua, na mimi nilikuwa muuguzi tayari, hakuna aliyenibishia kuhusu hospitali. Akaanzishiwa vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Siku moja nimekaa naye, kimya kama jiwe, mara akageuka: "Nani kachezea cherehani yangu? Uzi umepitishwa vibaya." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa na mahali pa kurudi.

Salim hakupiga kelele. Kwanza aliacha kuamkia watu, tukasema ni jeuri ya kubalehe. Akaacha mpira, akamwacha rafiki yake wa tangu madrasa, mwishowe akaacha kuoga. Sauti zilikuja baadaye sana. Daftari lake la jiografia ninalo mpaka leo. Kurasa za mwanzo kuna ramani ya Ziwa Viktoria, kaipaka rangi taratibu, visiwa vyote vina majina. Katikati mwandiko unaanza kupanda pembezoni mwa ukurasa, unazunguka, na mwisho kaandika jina lake tu, ukurasa mzima, kama mtu anayeogopa kulisahau.

Halafu lile la mstarini. Bendera inapandishwa, Salim akacheka. Mwalimu wa zamu akamwita mbele akamchapa, shule nzima inatazama. Hakulia. Akaonyesha kidole pembeni yake, pasipo na mtu, akauliza, "Na huyu mwenzangu hapigwi?" Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na binti wa jirani, lakini ningekuwa mchoraji ningekuchorea sura ya yule mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, wanasema. Sawa, hakuwa mbaya. Ila mtoto anayeuliza swali kama lile anashushiwa fimbo, haulizwi jambo?

Nimesema mara ngapi katika nyumba hii: mgonjwa wa akili asikae mikono mitupu. Kule Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili milimani Korogwe, wagonjwa hufanya kazi za shamba na za mikono, na wanaodhani hiyo ni kupitisha muda hawajui kitu. Mwanaidi ugonjwa ulimkuta na ufundi wake, jina lake mtaani, na watoto wanaomwita mama. Salim ulimkuta bado anasoma, hajajua hata anapenda nini. Huyu wa kwanza alirudishiwa vitu vyake, huyu wa pili ilibidi tumtafutie vya kwanza akiwa tayari anaumwa. Ndiyo maana wanaoanza wadogo kwa kawaida huwa na safari nzito zaidi. Na dawa zenyewe huwaumiza zaidi: shingo hukakamaa, ulimi unakuwa mzito, wananenepa upesi.

Lakini hapo hapo najibishana. Je, ni umri, au ni ile miaka miwili na ushee ya kuzungushwa kwa waganga, kafara za mbuzi na hirizi, kabla hajaonja kidonge? Kukaa muda mrefu bila tiba kunauzidisha ugonjwa huu, hilo linajulikana. Ila kwa kijana dalili huingia polepole, zinafanana na ujana wenyewe, kwa hiyo kuchelewa kumo ndani ya umri. Ukikata huku unarudi kule. Wakati mwingine namtazama akimenya machungwa ya kuuza, ganda halikatiki hata moja, linashuka refu mpaka kwenye beseni, nasema labda angeanzishiwa dawa mapema... basi, tuyaache.

Kuhusu damu, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Aliye na ndugu wa tumbo moja mgonjwa, hatari yake ni kama 9 katika 100. Mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwingine anaweza asiugue kabisa, na damu yao ni moja. Idi kwa Salim na Mwanaidi ni mjukuu wa pembeni. Hatari ipo juu kidogo kuliko ya mtu baki, basi. Na ugonjwa huu kabla ya miaka 13 ni nadra mno, baada ya hapo ndipo huanza kuongezeka. Marekani taasisi yao ya taifa ya afya ya akili ilianza mwaka 1990 kuchunguza watoto walioletwa kwa jina hilo, na wengi wakakutwa wana kitu kingine.

Ukinibana niseme Idi anacho au hana, nitasema... hapana, sisemi, sijamwona. Ulimi unaniwasha lakini sisemi. Nijibu haya kwanza: rafiki zake bado wanakuja? Anaoga bila kusukumwa? Analala saa ngapi, na ile simu inalala wapi? Alipokuwa anaongea alfajiri, alikuwa anajibu mtu au anakariri? Bangi je? Usimuulize kwa ukali, na baba yake asimguse. Ukiona majibu mawili matatu hayakupendezi, usisubiri mitihani iishe, mpeleke kliniki ya magonjwa ya akili, wampime na vingine pia, maana hata kifafa humfanya mtoto asikie visivyokuwepo.

Mimi nakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Usimwambie nakuja kumchunguza. Mwambie mkewe anakuja, na asipomfuata stendi kubeba kapu la machungwa, namwomba talaka.

Mama yako