Walimu wapya wa uraia, futeni ubao

Jana nilikaa nyuma ya darasa la Kidato cha Tatu nikimtazama mmoja wenu, wanangu mliokuja skuli kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Andalio la somo safi, mwandiko wa kupendeza. Akaandika ubaoni: "Mambo yanayounganisha taifa: lugha moja, dini moja, utamaduni mmoja." Watoto wakanakili. Nikashika kichwa, maana orodha ile ile niliiandika mie zamani.

1. Kabla ya "lugha moja, dini moja", jiulize Somalia utaiweka wapi. Lugha wanayo, dini wanayo. Eneo la Waingereza na la Waitaliano yaliungana kwa hiari tarehe 1 Julai 1960. Kaskazini, lile eneo la Waingereza, wakaona vyeo vingi na mji mkuu vimekwenda kusini, na mwaka 1991 wakatangaza kujitenga. Pakistan ilijengwa juu ya dini, ikapasuka mwaka 1971. Uswisi wana lugha nne za taifa, na wapo. Mpe mtoto mifano kwanza, orodha ataitunga mwenyewe.

2. Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa kwa pamoja na Tanganyika na Zanzibar, si 11 tena. Hayo ni ya Hati za Muungano za 1964. Nyongeza ya Katiba leo ina 22. Acheni kufundishia nukuu za kaka zenu. Na ukiteleza ukasema Zanzibar ni mkoa, watoto watakusindikiza kwa kicheko hadi bandarini Mkoani, upande boti urudi.

3. Usihesabu mikono. Hapa nivumilieni.

Mwaka 2012 Tume ya Jaji Warioba ilikuwa ikikusanya maoni ya Katiba mpya, na kila baraza hapa Pemba mazungumzo ni Muungano uwe wa serikali mbili, wa serikali tatu, au wa mkataba. Nikajiona mwalimu wa kisasa. Nikachora safu tatu ubaoni, nikaita majina kwenye rejista, kila mtoto ataje analotaka, nami namwandika kwenye safu yake. Kengele ikalia. Nikatoka na dasta kwapani, bingwa mie, ubao sikuufuta.

Wakaingia wa mkondo wa mchana. Mmoja akanakili majina, na jioni yakasomwa maskani, kwenye baraza la wanachama. Jamani, maoni ya mtoto wa miaka 15 huchukuliwa kuwa ya nyumba yao, na kisiwa hiki baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana hadi maziko kwa ajili ya chama. Maridhiano ya CCM na CUF ya 2009 yalikuwa bado machanga. Mie nikawatolea orodha, tena na majina ya baba zao.

Asubuhi madawati yamehama. Wasichana wawili waliokaa pamoja tangu darasa la kwanza, kachori moja wakigawana, mmoja kahamia dirishani. Baba wa mmoja akaja. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hii orodha umetumwa na nani?" Jibu sikuwa nalo. Wiki nzima kila baada ya Alasiri nikawa nazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikinyweshwa kahawa chungu bila hata kashata. Nyumba moja nilisimamishwa nje. Wale wasichana walimaliza Kidato cha Nne wakiamkiana kwa adabu, kama watu waliojuana jana.

Tangu hapo nikifundisha Somalia naanza na nani aliona anahesabiwa, na nani alikuwa akihesabu. Lugha na dini vinasubiri kipindi cha pili.

4. Mjadala uanzie mbali: Czechoslovakia iliyogawana tarehe 1 Januari 1993 bila risasi, au Singapore ilivyotoka Malaysia mwaka 1965. Kwao wenyewe watafika bila kusukumwa.

5. Mwanafunzi akikuuliza wewe uko upande gani, mwambie kengele imelia.

Kesho kipindi cha pili Kidato cha Tatu ni chenu tena. Dasta ipo mezani kwangu, na nitakuja kuitafuta ubaoni.