Nyanya hazitrendi

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Shikamoo mwalimu. Neno trend maana yake hasa ni nini na limetoka wapi? Bosi kaandika kwenye ripoti 'trendi ya bei ya nyanya inatrendi juu', nikabadilisha nikaweka mwelekeo, akakata, akasema basi iwe mwenendo. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Asili tuimalize haraka maana sio hiyo iliyonipandisha presha. Trend limetoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale, trendan, yaani kuzunguka, kubiringika kama gurudumu. Baadae mabaharia wakalitumia kwa pwani, kwamba pwani inakata upande fulani, kama hii yetu ukitoka Tanga kwenda Mombasa inavyokata kaskazini mashariki. Watu wa takwimu wakalidaka, halafu watu wa mitindo ya nguo, na 2008 Twitter wakaja na orodha yao ya vinavyotrendi, ndo balaa likatuingilia mpaka sebuleni.

Haya, bosi sasa. Hiyo sentensi nimeisoma mara tatu chai ikapoa. Trendi ya bei inatrendi! Ni sawa na kusema mwendo wa gari unaenda, sasa ulitaka ufanye nini, ulale? Halafu mtu wa mtaani akisikia kitu kinatrendi anaelewa kinaongelewa, kwahiyo ataingia mtandaoni kutafuta hizo nyanya zimefanya nini, na akiwa Mkenya, ambaye kwake nyanya ni bibi mzaa baba au mama, atajua kuna bibi wa mtu karekodiwa anacheza harusini.

Kutrendi kwenyewe nishachoka kupigia kelele. Kitu kikiwa kwenye ile orodha, ambayo inaangalia kilichopanda ghafla na sio kinachosemwa kila siku, sawa, kimetrendi, nimekubali yaishe. Ila juzi binti wa dada yangu kanipigia, "Anko, msiba wa babu unatrendi kwenye grupu la ukoo." Watu kumi na tisa wametuma emoji za kulia! Mbona kuvuma tunako, upepo unavuma, nyuki wanavuma, ngoma inavuma, jina la mtu linavuma, na Dar wana "habari ya mjini", Nairobi kitu kinabamba. Na msiba wala hauvumi, msiba watu wanapeana taarifa wanachanga.

Kuhusu ugomvi wenu, mnagombania vitu viwili tofauti. Mwenendo ni namna kitu kinavyokwenda au kilivyokwenda, ndo maana mahakamani kuna mwenendo wa kesi, yale yote yaliyosemwa na kuandikwa humo. Mwelekeo unatazama mbele. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa mwelekeo wa mvua za masika, hata tone halijadondoka bado. Kwahiyo kama jedwali lenu lina bei za Januari mpaka leo, bosi kapatia (inaniuma kuliandika hili), na kama mnasema mwezi ujao itakuwaje, umepatia wewe. Na kama jedwali lina mwezi mmoja tu, kama nilivyoonyeshwa kwenye kikao fulani, nguzo moja ya chati peke yake imesimama kama mlingoti na kichwa cha habari "Trendi ya Mauzo", hapo hamna mwenendo wala mwelekeo, hapo kuna namba.

Ila kwa sentensi yenu hiyo mngeyaacha yote mawili. Ugonjwa wa maofisini ni huu, jambo lina kitenzi chake kizuri kabisa mtu analitafutia nomino ya kulitwisha, mara trendi, mara mwelekeo, mara "hali ya upandaji wa bei", ilimradi ripoti ifike kurasa kumi. Andika "bei ya nyanya inazidi kupanda" uende ukale. Mama wa gengeni hapa kwetu yeye anasema "zimepanda baba", na kwenye fungu la elfu keshatoa nyanya moja kabla hujauliza kwanini.