Muulize Mjomba: Kambi iko Okinawa, sahihi iko Tokyo

Barua za mwezi huu zimenishangaza, nilizoea kuulizwa mambo ya mashamba na wakwe lakini sasa naona mmehamia kwa majeshi ya watu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeikata kidogo manake ilikua inataka kujaza ukurasa peke yake.

*Mjomba salamu kutoka Free Area hapa Nakuru, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Juzi tulikua stejini na majamaa tunaona kwa simu wazee wa Japan, watu wa miaka sabini themanini, wameketi chini barabarani mbele ya geti la kambi ya Marekani huko Okinawa, polisi wanawabeba mmoja mmoja kama magunia ya viazi wanawaweka kando halafu kesho yake wanarudi. Mimi nikasema hao wazee hawana shukrani, si Marekani ndio anawalinda na ndio ameleta kazi? Jamaa mmoja akaniuliza, kama ni hivyo mbona huko Tokyo hakuna mtu anaketi barabarani. Nikanyamaza. Sasa hii ni chuki ya wazungu ama ni siasa tu?* – Fundi, Nakuru

Mpwa wangu, huyo jamaa aliyekuuliza ya Tokyo alikushinda na jibu analo mkononi bila kujua.

Okinawa ni mkoa wa visiwa huko kusini kabisa mwa Japan. Ardhi yake yote ukiipima ni kama asilimia 0.6 ya nchi, yaani haifiki hata moja. Lakini ukichukua ardhi yote ambayo jeshi la Marekani linaitumia peke yake katika Japan nzima, karibu asilimia 70 iko hapo kwa hao wazee. Tokyo nayo si kwamba hawana kabisa, iko kambi ya Yokota pembeni na mkoa jirani huko Yokosuka kuna manowari, na majirani wa huko pia hulalamika kelele, lakini hesabu haikaribiani hata kidogo.

Wacha nikupe ya kwetu ndio uelewe. Nikiwa mdogo tuliishi Manyatta hapa Kisumu, nyumba yetu ilikua nyuma ya posho mili. Mtaa mzima ulikua unasaga hapo na hata watu wa mbali walikua wanaleta debe zao za mahindi kwa baiskeli. Mwenye mashine alikua anaishi upande ule mwingine wa mji kwenye miti na kimya, karatasi zake alisainiana na wakubwa huko huko. Sisi tulichojua ni kwamba asubuhi mapema ukuta unaanza kutetemeka, vikombe vinagongana kwa kabati, na mama akianika unifomu zetu za bluu anakuja kuzianua zimekua rangi ya majivu, anazikung'uta anazihamisha upande wa pili na upepo nao unageuka unamfuata. Siku moja akaenda kulalamika, akaulizwa, kwani wewe mama huli ugali? Alikua anakula, sisi sote tulikua tunakula, mtaa wote ulikua unakula, lakini kamba ya nguo iliyokua na unga ilikua moja tu. Na nikwambie ukweli, mama hakuwahi kuchukia mahindi wala yule kijana wa kusaga, alimchukia yule aliyemjibu vile.

Sasa rudi Okinawa. Mwaka wa 1945 vita vya Marekani na Japan vilipiganwa juu yao, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na wenyewe husema mtu mmoja kwa kila wanne alikufa. Japan ingine ikarudishiwa uhuru wake 1952, wao wakaachwa chini ya Marekani hadi 15 Mei 1972. Hiyo miaka 20 ndio mashamba yao yalichukuliwa, askari na bunduki mbele, tingatinga nyuma. 1959 jeti ya kijeshi ikaanguka kwa shule ya msingi, watu 17 wakafa, 11 wao ni watoto. Halafu 1995 wanajeshi 3 wakamteka msichana wa miaka 12 akitoka dukani wakamnajisi, na kwa sababu ya mkataba wa Japan na Marekani wakabaki mikononi mwa jeshi lao mpaka washtakiwe rasmi, polisi wa Japan hawangeweza kuwaweka ndani kabla ya hapo. Wewe ni mzazi, fikiria hiyo. Watu wakajaa uwanjani mji wa Ginowan, waandalizi walihesabu 85,000.

Hapo ndipo wakubwa wa nchi mbili wakatishika, na 1996 wakaahidi kwamba kambi ya Futenma, ambayo iko katikati ya huo mji wa Ginowan imezungukwa na nyumba na shule, itarudishwa kwa wenyewe ndani ya miaka 5 mpaka 7. Hesabu mwenyewe imepita miaka mingapi. Na unajua walisema itahamishiwa wapi? Henoko. Henoko iko wapi? Hapo hapo kisiwani, kaskazini kidogo, tena kwa kujaza bahari. Hao wazee uliowaona wanabebwa, wengi wao huketi hapo, na walianza kuketi 2014.

Wakati huo wote Futenma bado inarusha ndege. Desemba 2017 dirisha la helikopta, chuma na kioo mraba wa kama sentimita 90, lilichomoka hewani likaanguka kwa uwanja wa shule iliyopakana na fensi ya kambi, watoto wakiwa kwa somo la michezo. Hakuna aliyekufa. Lakini baadaye watoto wakawa wakicheza mpira wanaambiwa ndege inakuja, kimbieni, wanaacha mpira hapo wanakimbia kujificha, ikipita wanarudi, inakuja ingine wanakimbia tena. Mtoto anasoma nini hapo bana.

2019 wakapiga kura ya maoni kuhusu Henoko na asilimia 72 ya waliopiga wakakataa. Tokyo ikaendelea kumwaga mchanga. Gavana akakataa kuidhinisha mabadiliko ya ujenzi manake sakafu ya bahari upande mmoja ilipatikana laini kama uji, wakaenda kortini, na Desemba 2023 serikali kuu ikajiidhinishia yenyewe kwa niaba ya gavana. Soma hiyo sentensi tena Fundi, kwa niaba yake. Sisi watu wa kaunti tunajua ladha ya hiyo kitu.

Na kuhusu chuki ya wazungu, huyo gavana anaitwa Denny Tamaki, na baba yake alikua mwanajeshi wa Marekani, mamake wa Okinawa. Watu walimchagua 2018 wakamrudisha 2022. Kama ni ngozi ndio shida hangepata hata kura ya jirani.

Ya kazi nayo: zipo, Wajapani kama 9,000 wameajiriwa na hizo kambi hapo Okinawa, na kuna familia zinalipwa kodi ya ardhi kila mwaka ambazo hazitaki kusikia habari ya kambi kuondoka, hao pia ni watu wa huko huko. Lakini pato la mkoa linalotoka kwa kambi ni kama asilimia 5 tu siku hizi. Kuna mtaa Naha, mji mkuu wa Okinawa, ulikua nyumba za familia za wanajeshi, ukarudishwa 1987, leo ni maduka na maofisi na unaingiza pesa kuliko ulivyowahi kuingiza enzi za fensi.

*Mjomba, mimi nauza samaki Kondele. Kijana wangu ananiambia Kenya hatuna kambi ya Marekani, mimi namwambia iko Nanyuki na wametuharibia wasichana. Nani ako sawa?* – Mama Samaki, Kisumu

Mama, hapo mmepotea wote wawili lakini kwa njia tofauti. Nanyuki ni Waingereza si Wamarekani. Na hasira ya Nanyuki iko na sababu, 2012 mama mmoja kijana aliuawa, mwili ukapatikana kwa tangi la maji taka la hoteli, aliacha mtoto mdogo, na ilichukua mpaka 2025 ndio mahakama kuu ya Kenya itoe hati ya kumkamata mshukiwa ambaye alikua mwanajeshi wa Uingereza. Miaka 13 yule mtoto anakua tu. Halafu Machi 2021 moto ukachoma maelfu ya ekari huko Lolldaiga wakati wa mazoezi yao.

Ya Marekani iko Lamu, Manda Bay. Yenyewe kwa karatasi ni ya jeshi la wanamaji la Kenya na Wamarekani wamepewa nafasi ndani, hayo maelewano ya kutumia bandari na viwanja vyetu yalianza 1980. Kijana wako akisema hatuna kambi ya Marekani labda anashika hiyo ya karatasi, lakini 5 Januari 2020 al-Shabaab walipovamia hapo walikufa Wamarekani watatu na ndege zikachomwa, sasa sijui hao walikua wametembelea nani.

Na kama unauliza Mwingereza alibaki aje baada ya uhuru, mwambie Fundi wa hapo juu atembee kutoka Free Area hadi Lanet, si mbali. Januari 1964, nchi haijamaliza hata miezi miwili, wanajeshi wetu wa Lanet waliasi, na Mzee Kenyatta akaita Waingereza waje kuzima. Walizima. Mwaka huo huo ndio mkataba wa wao kuja kufanyia mazoezi hapa ukaandikwa. Kwa hivyo mgeni hakuvunja mlango, kuna mtu wa nyumbani alimfungulia, na alikua na sababu zake usiku ule. Aliyefungua alikua Nairobi, anayeishi na mgeni ni mtu wa Laikipia.

*Mjomba kuna nchi iliwahi kuwafukuza kweli ama ni maneno tu?* – Mwanafunzi, Maseno

Zipo. Ufilipino, 16 Septemba 1991, seneti yao ilipiga kura 12 kwa 11 kukataa mkataba mpya wa kambi ya Wamarekani ya Subic, kura moja tu. Clark ilikua kambi yao ingine kubwa lakini hiyo ilifukuzwa na mlima, volkano ya Pinatubo ililipuka Juni mwaka huo ikaifunika na majivu. Kufikia Novemba 1992 walikua wametoka, na Subic ikageuzwa bandari huru ya biashara. Lakini usishangilie sana, 2014 walisaini maelewano mengine na Wamarekani wakarudi, safari hii wanaingia na kutoka kwa kambi za Wafilipino wenyewe, na 2023 idadi ya sehemu ikaongezwa hadi 9, manake China ilikua inawasumbua baharini. Unaona, hata anayefukuza huwa anaacha mlango haujafungwa na komeo.

Ekwado nao walikataa kuongeza mkataba wa kambi ya Manta na Wamarekani wakaondoka 2009. Rais wao Correa alikua amesema watu hawa wanaweza kubaki kama na Ekwado itapewa kambi yake Miami. Hakuna aliyemjibu. Hiyo naipenda.

Niger ni juzi tu, Machi 2024 watawala wa kijeshi walifuta makubaliano, watu wakaandamana Niamey, na kufikia Septemba wanajeshi kama 1,000 walikua wameenda wakaacha kiwanja cha droni huko Agadez kilichogharimu zaidi ya dola milioni 100. Kabla hawajamaliza kufunga mizigo walimu wa kijeshi wa Urusi walikua washatua. Sasa hapo sijui kama wamefukuza mgeni ama wamebadilisha kitanda.

*Mjomba nimekusoma miaka mingi lakini kwa hili unaongea kama mtu hajawahi kushika bunduki. China iko pale karibu, bila hizo kambi nani atalinda hao wazee wanaoketi barabarani?* – Mstaafu wa jeshi, Kakamega

Mzee wangu, heshima yako, na ni kweli bunduki sijashika. Hatari iko, siwezi nikakudanganya, kisiwa cha mwisho cha Okinawa kinaitwa Yonaguni na kutoka hapo hadi Taiwan ni kama kilomita 110, karibu kuliko Kakamega na Nakuru. Na hata Okinawa kwenyewe, wengi ukiwauliza hawasemi Wamarekani waende wote kesho, wanasema mzigo upunguzwe, ugawanywe na wengine.

Lakini kuna kitu kimoja nataka ukifikirie kama mtu wa jeshi. Hao marine, wale askari wa Marekani wa kuvamia kutoka baharini, waliojaa Okinawa, miaka ya 1950 wengi wao walikua Japan bara, mikoa ya Gifu na Yamanashi. Watu wa huko walipiga kelele, na wao walikua na wabunge na walikua na kura, basi wakasikizwa. Marine wakahamishwa. Wakapelekwa Okinawa ambako wakati huo mwenyeji hakua na mbunge Tokyo wala mtu wa kumpigia simu. China haikua sababu ya kutoka Gifu, mzee, na ramani haikubadilika. Kama kuna sababu ya kijeshi ya ile safari niandikie, nitaichapisha hapa mwezi ujao bila kukata hata neno.